Ganda la Risasi la Baba Yake Babu, na Vitabu vya Mzee wa Ohio

  Najua wengine mmeshaanza kusema huyu binti kapotea, kamezwa na Wamarekani. Sijamezwa jamani, nipo. Ni zamu tu. Boksi la huku halijibebi lenyewe, na majira haya ya baridi wagonjwa ni wengi kuliko wauguzi.

Leo sina habari za theluji wala za bei ya unga wa sembe kwenye duka la Wahindi. Leo nina habari ya vitabu vya bunduki. Shangazi, usishike kichwa, sijanunua bunduki na sina mpango huo. Ila someni mpaka mwisho, hasa wewe baba mkubwa, maana habari hii inaishia kwenye lile jiwe la kaburi tunalolichangia.

Kwa marafiki wasiojua mambo ya ukoo wetu: baba mkubwa alitutangazia kwamba kaburi la baba yake babu, kule kijijini upande wa Nyangao, Lindi, lijengewe vizuri kabla ya masika, na jiwe liandikwe jina lake na chini yake maneno "Shujaa wa Vita vya Majimaji". Mchango wangu nimeshatuma, baba mkubwa ni shahidi. Na ushahidi wa ushujaa wenyewe sote tunaujua tangu utotoni. Ni lile ganda la risasi la shaba ambalo bibi analiweka kwenye kopo la siagi pamoja na vyeti na pete zake. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukilipuliza linalia kama filimbi, bibi anatufukuza na mwiko. Hadithi ilikuwa ni ile ile siku zote: mzee alipigana na Mjerumani, na ganda hili aliliokota vitani. Tena mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha pale kijijini alilitazama kitako chake, akaona namba 67, akasema hili ni la mwaka 1867. Basi heshima ya ganda ikazidi.

Na mnakumbuka hadithi ya pili, ile ya kuchekesha? Kwamba mzee alikuwa mvivu wa kubeba. Korosho zikivunwa, yeye hagusi gunia. Akiambiwa abebe anasema, "Mimi yangu nilishabeba yote." Tukicheka mpaka machozi. Shikeni hiyo hadithi, nitairudia.

Sasa twende Ohio. Kazi yangu siku hizi si ya wodini, nazunguka kwa gari kuwahudumia wagonjwa majumbani kwao. Mmoja wao ni mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Jina lake na mji wake sivitaji, hiyo ni amana ya kazi, na hata haya ninayoandika nilimwomba ruhusa kwanza. Akasema andika, ila usiseme nina viatu vibaya. Naenda kwake mara mbili kwa wiki, nasafisha kidonda, nabadilisha bandeji, napima sukari na presha. Ujanani alikuwa fundi wa mashine za kukereza chuma. Mke alishatangulia, watoto wako mbali. Sebuleni kwake ukutani hakuna picha hata moja, ni vitabu tu, kutoka sakafuni mpaka darini.

Siku ya kwanza nikasoma migongo ya vile vitabu, moyo ukanidunda. Mauser. Luger. Bunduki za jeshi la Ujerumani, vita vya kwanza na vya pili. Nikasema moyoni, binti wa Lindi umeingia nyumba gani hii? Mzee akaniona. Akaniambia baba yake alikuwa askari wa Marekani, alirudi kutoka Ujerumani mwaka 1945 na bunduki moja kwenye begi, na maisha yake yote hakuwahi kusema aliipata vipi. Mtoto akakua anataka kujua. Ndiyo ikaanza hivyo. Bunduki zenyewe ziko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, sikuomba kuonyeshwa. Lakini vitabu, jamani, vitabu alinionyesha, na mguu ukiwa umeinuliwa juu ya kiti mtu hana pa kwenda, ataongea tu.

Alinisimulia alivyotapeliwa. Alipokuwa kijana alinunua bastola ya Luger kwenye mnada. Juu yake palikuwa na herufi G, na muuzaji akamnong'oneza kwamba hiyo G ni Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Bei ikapanda mara mbili. Alilipa, akaenda nayo nyumbani anatembea kama bwana harusi. Miaka baadaye akajua ukweli. Wajerumani walipokuwa wanajenga upya jeshi lao kwa kificho, viwanda viliandika majina na miaka kwa mafumbo. Kiwanda cha Mauser kule Oberndorf kilijiita S/42. Mwaka 1934 ukaandikwa K, mwaka 1935 ukaandikwa G, halafu kuanzia 1936 wakaacha kuficha, wakaandika mwaka wenyewe. Kwa hiyo G yake ni 1935 tu, hakuna Gestapo wala nini. "Nesi," akaniambia, "siku ile sikununua bastola. Nilinunua hadithi, na bastola nikapewa kama nyongeza."

Tangu hapo akaapa kwamba kabla ya kununua chuma atanunua kitabu kwanza. Ila akagundua kwamba na vitabu navyo vinadanganya, au vimedanganywa. Kwa hiyo akajifunza kuvipima vitabu. Na ndugu zangu, namna anavyovipima iliniingia, maana sisi wauguzi tunapima hivyo hivyo. Mtu akinipa kitabu cha dawa, kabla sijasoma kipimo cha dozi naangalia kilichapwa lini, nani kakiandika, na nani kalipia. Dozi ya kitabu cha zamani inaweza kuua.

Swali lake la kwanza: mwandishi aliona mwenyewe au alinakili? Anasema katika fani hii kosa moja linaweza kuishi miaka hamsini, kwa sababu wa kwanza aliandika, wa pili akanakili, wa tatu akasema "kama inavyojulikana". Alinionyesha kitabu cha Fred Datig, The Luger Pistol, cha mwaka 1955. Anakiheshimu sana, maana Datig alifungua njia wakati ambapo hakukuwa na njia. Lakini waliokuja nyuma walisahihisha mengi, na anayekitumia leo peke yake atapotea. Pembeni yake kuna Lugers at Random cha Charles Kenyon, 1969, ambacho kinaonyesha kila aina ya Luger kwa picha. Anasema hicho kizuri kwa macho, unatambua ulichoshika mkononi, lakini picha haikuambii kwa nini kitu kiko hivyo. Ni sawa na mimi kukutambua una surua kwa kukutazama vipele, bila kujua umeipata wapi.

Swali la pili: kinatoka kwenye karatasi au kwenye chuma? Hapa alinifundisha jambo ambalo sikulijua kabisa. Zamani Ujerumani haikuwa na jeshi moja tu. Prussia ilikuwa na lake, Bavaria lake. Nyaraka za jeshi la Prussia zilihifadhiwa Potsdam, na mwezi Aprili 1945, vita ikiwa inakwisha, mabomu ya ndege za Waingereza yaliuchoma ule mji na nyaraka nyingi zikaungua. Za Bavaria zilikuwa Munich, zikapona. Kwa hiyo bunduki iliyotengenezwa Amberg, kwa Wabavaria, mtu anaweza kuifuatilia kwenye mafaili: iliagizwa lini, ngapi, kwa gharama gani. Ya Spandau au Danzig, kwa Waprussia, mara nyingi inabidi kuisoma yenyewe, mihuri na namba zake, maana faili ni majivu. Kitabu kizuri kinakwambia hili hapa nimelitoa kwenye waraka, na hili nimelikisia baada ya kutazama bunduki kadhaa. Kitabu kibaya kinayachanganya yote kwenye sufuria moja.

Kwa hiyo anachokipenda kuliko vyote kuhusu bunduki ya mwaka 1898 ni cha Dieter Storz, Gewehr & Karabiner 98, cha mwaka 2006. Mwandishi alifanya kazi kwenye makumbusho ya jeshi la Bavaria kule Ingolstadt, akakaa na nyaraka. Na kwa upande wa mihuri, anakitumia cha Joachim Görtz na Don Bryans cha mwaka 1997, kwa sababu hawakubuni maana ya alama, walirudi kwenye amri zenyewe za jeshi zilizosema piga muhuri gani, mahali gani. Mzee alikigonga kwa kidole akasema, "Hawa walimuuliza mwenye muhuri."

Swali la tatu: mwandishi ameona ngapi, na zile ambazo hakuziona ziko wapi? Bunduki zilizoko Marekani ni zile ambazo askari walizibeba kurudi nazo, au zilizouzwa baadaye. Nyingi zaidi ziliharibiwa, ziliyeyushwa, zilizama. Kwa hiyo mtu akisema "alama hii ni adimu" pengine anasema tu kwamba haikufika kwake. Nikamwambia, mzee, hii naijua. Ukikaa hospitali ya rufaa utadhani malaria yote ni kali, kwa sababu walioumwa kidogo wamebaki nyumbani. Akacheka, akasema tangu lini wauguzi wakajua bunduki.

Na swali la nne: nani anafaidika? Waandishi wengine ni wauzaji pia, na kitabu kikisema alama fulani ni adimu, mwandishi akiwa na tatu kabatini, bei inapanda usiku huo huo. Halafu matapeli nao wanasoma. Wakishaona kwenye kitabu kwamba muhuri fulani unalipa, mihuri inaanza kuzaliana kama sungura. Bunduki za Mauser zilipigwa namba mpaka kwenye vipande vidogo, kama sisi tunavyomfunga mtoto mchanga namba mkononi na mama namba hiyo hiyo. Namba zote zikilingana, thamani inakuwa kubwa. Basi kuna watu wanafuta namba na kupiga upya. Kwa hiyo kitabu kikubwa cha Richard Law kuhusu bunduki za Hitler, Backbone of the Wehrmacht cha mwaka 1991, kinachochambua kiwanda kimoja kimoja, anakisoma akiwa amefungua pembeni na majuzuu mapya ya Bruce Karem na Michael Steves. Si kwamba cha zamani kibaya. Ni kwamba tangu kitoke, walaghai nao wamekuwa wakikisoma kwa miaka mingi.

Siku moja nikiwa nafunga bandeji nikamwambia, mzee, na sisi kwetu tuna kitu cha Mjerumani. Nikamweleza ganda la bibi. Aliacha kuongea, na yeye kuacha kuongea si kawaida. Akaniambia nipate picha tatu: ubavuni, kitakoni, na moja likiwa pembeni ya rula. Basi ndipo nilipomsumbua yule mdogo wangu aende kwa bibi na rula ya shule, na bibi akauliza kama Wamarekani wanataka kuninyang'anya ganda lake. Hapana bibi, ni lako.

Picha zikaja. Mzee akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Akaanza na umbo. Akasema ganda hili lina urefu wa milimita 57, shingo imebana, na kitako hakijatokeza nje. Hii ni risasi ya milimita 7.9, ya bunduki ya mwaka 1898, ile inayoingiza risasi tano kwa mara moja. Akachukua kitabu kingine akanionyesha risasi ya bunduki ya mwaka 1871, ile ya kina Wilhelm na Paul Mauser, inayoingiza moja moja. Hiyo ni nene, milimita 11, kitako chake kina ukingo uliotokeza kama sahani, na baruti yake inatoa moshi mwingi. Na wakati wa Majimaji, askari wengi wa Mjerumani kwetu walikuwa wanabeba hiyo ya 1871. Hata vita vya 1914 vilipoanza, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado nayo, na moshi wake ulikuwa unawaonyesha adui walipojificha.

Hapo mimi nilishaanza kusikia tumbo linacheza. Akaenda kwenye kitako. Herufi P. Akasema hii ni Polte, kiwanda cha risasi cha Magdeburg. S na 67: hiyo inahusu shaba yenyewe, mchanganyiko wenye asilimia 67 ya shaba nyekundu. Kwa hiyo mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alisoma karoti akadhani ni mwaka. Halafu namba mbili nyingine ambazo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuzihesabu: 9, na 15. Mwezi wa tisa, mwaka 1915.

Majimaji ilianza Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Agosti mwaka huo huo, na mwaka 1907 vita vilikuwa vimeshazimwa, njaa ikamalizia waliobaki. Ganda hili lilikuwa bado halijazaliwa. Baba mkubwa, samahani sana. Nilikaa kwenye gari nje ya nyumba ya mzee dakika kumi nzima kabla ya kuwasha.

Lakini hapo ndipo ilipoanza habari yenyewe. Wiki iliyofuata nilimkuta mzee ameshachambua vitabu, meza imejaa. Akaniuliza, mwaka 1915 Waingereza walikuwa wameziba bahari yote ya Afrika Mashariki kwa meli za kivita. Risasi iliyotengenezwa Magdeburg mwezi wa tisa 1915 ilifikaje Lindi? Kwa miaka yote ile ya vita, ni meli mbili tu za mizigo zilizopenya kutoka Ujerumani. Ya kwanza, Rubens, ilijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Ilitoka Ujerumani Februari 1915, ikashambuliwa kwenye ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwezi Aprili. Ikazama kina kifupi, watu wakazamia kutoa risasi, zikafunguliwa, zikakaushwa, zikafungwa upya. Hiyo haiwezi kuwa ndiyo, maana iliondoka kabla ya mwezi wa tisa. Mwaka 1917 Wajerumani walirusha hata ndege kubwa ya puto, L59, ikafika anga ya Sudan ikageuka.

Inabaki ya pili. Inaitwa Marie, na Machi 1916 ilitia nanga Sudi. Sudi yetu! Ile ya kwenda kula pweza. Ilileta mizinga, mamilioni ya risasi, na mizigo mingi ilikuwa imeshafungwa huko huko Ujerumani kwa kipimo cha kichwa na bega la mtu, maana hakukuwa na reli wala gari la kuipeleka bara. Kilo 25 mpaka 30 kila mmoja. Watu wa Lindi na Mikindani ndio walikuwa reli.

Halafu Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, vita vikafika Nyangao na Mahiwa. Vitabu vinasema hapo ndipo palipomwagika damu nyingi kuliko mapigano yote ya kampeni ile. Jeshi la Waingereza, wengi wao Wanigeria na askari wa KAR, lilipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa siku nne. Mjerumani, Lettow-Vorbeck, alishinda lakini risasi zake zisizo na moshi zikawa karibu zimekwisha. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kijiji chetu kiko pale pale. Tumeogelea mto ule ule.

Nikamuuliza mzee, hivi vitabu vyote, vinasema nini kuhusu waliobeba? Tukafungua nyuma, kwenye orodha za maneno, kimoja kimoja. Juu ya bunduki zilizokwenda koloni, kurasa mbili tatu: aina gani, kampuni ipi ilipewa, alama gani. Juu ya askari, picha chache. Juu ya wapagazi, karibu hakuna. Yule Lettow-Vorbeck naye aliandika kumbukumbu zake mwaka 1920 akasifiwa dunia nzima, lakini ukimsoma unaona mizigo inatembea yenyewe. Na upande wa Waingereza ni vivyo hivyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, nimonia na malaria kuliko kwa risasi, na alama yao kubwa Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo, ambalo watu wananunulia kanga bila kujua limetoka kwenye kambi ya wabeba mizigo.

Chuoni tulifundishwa kitu kimoja kwa ukali: usipoandika kwenye faili la mgonjwa, hesabu kwamba hujafanya. Ni sheria nzuri wodini, inaokoa maisha. Lakini siku ile, mbele ya vile vitabu, niliona ubaya wake. Muhuri wa Magdeburg umeandikwa. Mwezi umeandikwa. Asilimia ya shaba imeandikwa. Bega lililobeba halijaandikwa, kwa hiyo ni kama halikubeba.

Ndipo nikakumbuka korosho. "Mimi yangu nilishabeba yote."

Nikampigia bibi usiku ule ule, kwenu ilikuwa asubuhi. Bibi ana miaka tisini na ushee lakini kichwa kiko sawa kuliko changu. Nikamuuliza, bibi, wewe uliolewa ukamkuta baba mkwe wako yu hai. Alikuwa anasema Majimaji? Akasema hapana, yeye alikuwa anasema "vita vya Mjerumani" tu. Majimaji walisema wanawe baadaye. Nikamuuliza habari ya mabega. Bibi akanyamaza, halafu akasema, "Lile la kulia lilikuwa na sugu kama goti la ngamia. Mimi ndiye nilikuwa nampaka mafuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi tulimwamini mwalimu aliyesoma 67, kwa sababu alikuwa mwalimu, na mwenye kumpaka mafuta tukamwacha jikoni. Swali la kwanza la mzee wa Ohio: aliona mwenyewe au alinakili? Bibi aliona mwenyewe.

Na hesabu ya umri pia ilikuwa mbele yetu. Mzee alifariki 1971, wazee wakikadiria miaka 75. Basi alizaliwa karibu na 1896. Majimaji inaanza ana miaka tisa. Oktoba 1917 ana ishirini na moja, kijana mwenye mabega.

Nisieleweke vibaya. Ganda halisemi nani aliliokota, wala kwamba mzigo wa Sudi ulipita begani kwake. Linasema lilizaliwa wapi na lini, basi. Bega linasema alibeba, na alibeba kwa miaka. Hayo mawili yako pamoja kwenye nyumba moja, na kwangu mimi yanatosha kuliko hadithi ya 1867. Na Majimaji hatuinyang'anyi kwa mtu. Ilipita kijijini, naye aliiona kwa macho ya mtoto. Lakini mashujaa wa Majimaji wanayo makaburi yao na siku yao kule Songea kila Februari. Waliobeba wana nini?

Kwa hiyo baba mkubwa, ombi langu mbele ya ukoo mzima, na mchango wangu ubaki palepale hata mkikataa. Fundi asichonge kwanza. Naomba jiwe liandikwe jina lake, karibu 1896 hadi 1971, na chini yake: "Alibeba mizigo ya vita visivyo vyake, akarudi nyumbani." Tukikosea hapo, tutakuwa tumekosea kwa kusema kidogo. Na wajukuu wakiuliza mtasemaje mnajua, mtawaambia: bibi aliona.

Na jambo la pili. Kuna kijana kutoka mjini amepita kijijini akisema ganda ni "mali ya Mjerumani" na ana mteja wa mamilioni. Nimemuuliza mzee. Ganda kama hilo huku linauzwa kwa bei ya soda na chapati. Anayekuja na mamilioni anataka kitu kingine, mfukuzeni kwa adabu. Bibi alirudishe kwenye kopo lake.

Mzee mwenyewe kidonda kinafunga, alhamdulillahi. Juzi alitaka kunipa kile kitabu cha mihuri. Sheria ya kazi hairuhusu kupokea zawadi ya mgonjwa, nikakataa. Akakasirika kidogo, kisha akasema basi nitanukuu namba ya toleo ujitafutie mwenyewe, na uhakikishe ni toleo lenyewe, usije ukanunua hadithi.

Nasubiri majibu yenu. Baba mkubwa, shikamoo, na usininunie. Bibi, shikamoo tena na tena. Likizo ikipatikana nakuja kukupaka mafuta na wewe, huku unasimulia na mimi naandika.

Alamsiki wapendwa. Tuonane panapo majaaliwa.